Kikombe cha Bi Baranyi

Bad Ellersbach, 3 Julai 1981

Ottokar,

Usijipe moyo, sikuandikii kwa kuwa nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu ya Gerlinde, na kwa sababu ukipigiwa simu huwa unaimba "haloo" badala ya kuisema, na mimi tangu tuachane nimeapa sitakusikia ukiimba tena bure.

Tamasha linafunguliwa mwisho wa mwezi na mji umeshachafuka kwa watu. Wazee wa baridi yabisi wamejipanga kwenye mabenchi ya bustani ya chemchemi, kila mmoja na kikombe chake chenye mrija, wananyonya maji ya chumvi na kuulizana habari za choo. Jioni hao hao watavaa lulu, waje kusikiliza opera na kukohoa kila penye ukimya. Mwaka huu ni ile ya malkia anayetumia kitendo kizima cha nne kufa, na kila akikaribia kufa anakumbuka wimbo mwingine. Unaijua. Uliigiza mkata vichwa, ukaingia jukwaani bila shoka.

Malkia wetu ni Ilka Baranyi kutoka Budapest. Hoteli kubwa inaezekwa upya, kwa hiyo kamati ya tamasha imenitupia mimi na nyumba yangu ya wageni. Anakaa chumba cha bluu, ana masanduku kama mtu anayehama nchi, na mayai yake lazima yachemshwe mpaka kiini kitingishike, kisigande. Nimechemsha mayai maisha yangu yote, leo nafundishwa.

Sasa sikiliza. Gerlinde ni mwimbaji wa akiba tena. Anajua kila neno la malkia, anakaa nyuma ya pazia na shali shingoni, anangoja mtu augue. Hakuna anayeugua. Wanawake hawa wana afya ya punda. Na ameniambia, kwa utulivu ule wake unaonitia hasira, kwamba kiangazi hiki kikipita bila kusikika, Septemba anaingia dukani kwa mfamasia Kettler kuuza dawa ya mafua, na kuimba basi. Amekwishampa Kettler neno lake. Mtoto wetu, Ottokar, kwenye koti jeupe, akiwauliza watu kama kikohozi ni kikavu au cha makohozi!

Sperber ndiye anayeongoza okestra. Mlikuwa mkinywa pamoja. Mwandikie ampe Gerlinde onyesho moja tu, hata lile la mchana la wastaafu. Sijawahi kukuomba kitu na hata hili si ombi. Ni wajibu wako.

Walburga
(bado Pfandl, kwa sababu ya foleni ya kubadilisha jina, si kwa sababu yako)

*

Lübeck, 9 Julai

Walburga mpenzi (neno hilo ni adabu ya barua tu, usilipeleke popote),

Simwandikii Sperber. Sperber ni mtu wa kupunga kijiti na kutazama magoti ya wapiga vinubi. Akimpa mwanangu onyesho kwa sababu yangu, kesho yake atanipa na mzigo wa fadhila niubebe mpaka kaburini.

Halafu tuseme ukweli, maana wewe hakuna anayethubutu kukuambia. Nilimsikia Gerlinde Krismasi. Sauti ni safi, ila ndogo, sauti ya kumbembelezea mtoto. Tena anachelewa kuvuta pumzi. Anavuta kama mtu anayeomba ruhusa. Nani aliyemzoesha kuomba ruhusa ndani ya nyumba ile sisemi, nisije nikaitwa mchokozi. Duka la dawa si jela. Kettler ni fala lakini analipa.

Jambo moja. Huyo Mhungari ameambiwa habari ya kikombe? Siku ya ufunguzi Meya atamsimamisha pale kwenye chemchemi mbele ya umati, atampa kile kikombe cha fedha kikubwa kama ndoo, na mgeni wa watu ataona ni heshima kukimaliza. Sisi wenyeji tunagusisha mdomo, tunatabasamu, tunarudisha. Unamkumbuka yule mwimbaji wa besi wa Kiswidi aliyekunywa chote? Siku mbili tuliongea naye kupitia mlango wa choo. Na kwa kuwa mji mzima unakula kwa yale maji, hakuna anayefungua mdomo hadharani kusema kwamba yanaharisha. Ni kazi ya mwenye nyumba kumnong'oneza mgeni wake. Mnong'oneze.

Ottokar

*

Bad Ellersbach, 15 Julai

Ottokar,

Ahsante kwa barua iliyojaa wewe mwenyewe kama kawaida.

Simwambii.

Umesoma vizuri, hakuna haja ya kurudia. Wageni wangu wote nawaonya wakifika, huo ndio utaratibu wa nyumba hii tangu enzi za mama. Jana tu nilimwinamia daktari wa meno wa Bremen nikamwambia sikioni, nusu kikombe, bwana, na usiende mbali na nyumbani. Akacheka, akashukuru. Ilka Baranyi alikuwa meza ya pili, ameficha uso nyuma ya gazeti. Nilimwendea na mayai yake. Nilimuuliza kama amelala vizuri. Akaniangalia kama anangoja niendelee, nami nikamwambia mvua haitanyesha.

Unajua anavyoishi humu? Saa saba hadi saa tisa mchana mji huu haupigi hata chafya. Ni saa ya kimya, wagonjwa wamelala, mbwa wenyewe wanajua. Yeye saa nane kamili yuko ndani ya beseni la kuogea anapandisha sauti hadi vioo vitetemeke. Mjane wa jaji kutoka ghorofa ya juu alishuka na wavu wa nywele kichwani kunilalamikia. Nikamgongea bibi mkubwa mlango. "Bi Baranyi, hii ni saa ya kimya." Akajibu kutoka majini, "Ndiyo, mama, ndiyo maana nasikika vizuri."

Mama! Ananizidi miaka, na unga wa usoni hauwezi kuficha.

La kuniumiza ni hili. Gerlinde anafanyia mazoezi kwenye chumba cha mashuka, kinachopakana na chumba cha bluu. Anafunga dirisha, anaimba taratibu asimkere mtu. Basi yule mwanamke huvua kiatu akagonga ukuta. Ko! Mtoto ananyamaza, anaanza upya. Baada ya mstari mmoja, ko! Anaanza tena. Ko! Nimesimama ukumbini na mashuka mkononi, nikimsikiliza binti yangu akigongewa kama panya. Nikamwambia Gerlinde, nenda kamtukane. Akasema, "Mwache, Mama." Hivyo ndivyo alivyo, kila mtu amwache.

Basi acha anywe. Sitii kitu ndani ya kikombe, sishiki mkono wa mtu. Nitanyamaza tu. Mji mzima unanyamaza, kwa nini mimi peke yangu nipige kelele?

Walburga

*

Lübeck, 20 Julai

Walburga,

Mwambie.

Mimi nawadharau waimbaji kuliko wewe, nimelala nao chumba kimoja kwenye treni. Lakini mwimbaji hafanyiwi hivyo. Unaweza kumsema, kumwonea wivu, kumwombea kamasi. Kumwacha akaaibike mbele ya watu hali wewe umejua, huo ni uchafu, na unajua ni uchafu, ndiyo maana umeniandikia kurasa tatu kujitetea na hakuna aliyekushtaki.

Ukishindwa kumwambia kwa mdomo, mwachie kikaratasi kwenye trei ya mayai.

O.

*

Bad Ellersbach, 27 Julai

Ottokar!

Amesikika!

Nianze mwanzo, maana nataka uone wivu kwa mpangilio. Jumamosi, Meya alihutubia mpaka tarumbeta za bendi zikapata moto wa jua. Ilka alikuja na kofia ya kijani pana kama mwavuli, akapanda pale kwenye chemchemi kati ya vile vyungu viwili vya maua meupe, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Nilikuwa mstari wa mbele. Alinitafuta kwa macho, akanitazama, sijui kwa nini mimi. Nikajishughulisha na mkoba wangu. Akainua, akarudisha kichwa nyuma, kofia ikamfunika uso wote. Halafu akageuka kuwapungia wale wa upande wa bendi, akainama kwao na mapozi yake yale, akarudi kwetu na kupindua kikombe juu chini. Halikudondoka hata tone. Watu wakapiga makofi. Wenyeji tukaangaliana.

Saa kumi na moja Sperber alikuja mlangoni kwangu anahema, tai iko sikioni. Bi Baranyi tumbo limemlegea. Anatembea, anaongea, lakini hawezi kushika pumzi, na wewe unajua sauti inakaa tumboni. Nilimwita Gerlinde.

Hapa kwetu ukumbi haufungwi kwa ajili ya tumbo la mtu. Walifanya kama inavyofanywa siku zote: mgonjwa apande jukwaani na mavazi yake, acheze na kuchezesha midomo, na mwenye sauti asimame pembeni na kitabu cha muziki, aimbe. Gerlinde hakuwa na nguo, akavaa gauni langu jeusi la mazishi nikambana kwa pini mgongoni. Alisimama pale kwenye kona, taa ndogo inamwangaza kidevu.

Kitendo cha kwanza watu walimtazama Ilka. Cha pili wakaanza kugeuza shingo. Cha tatu, Ottokar, nakuapia, hakuna aliyekuwa akimtazama malkia, wote walikuwa wanaitazama ile kona. Hawakukohoa! Wale wazee, hawakukohoa! Nililia. Nasema waziwazi, nililia mpaka mjane wa jaji akanipa leso yake. Kettler wa duka la dawa alikuwa mbele yangu akipiga makofi ya mtu aliyejua kwamba mfanyakazi amemponyoka.

Mwisho, pazia lilipofunguliwa kwa heshima, Ilka alimshika Gerlinde mgongoni akamsukuma mbele kama anasogeza kiti, yeye akabaki nyuma. Nyodo mpaka dakika ya mwisho.

Sasa amepona, kesho anaimba mwenyewe. Yote yako kama yalivyokuwa, ila mtoto amesikika na gazeti limeandika jina lake bila kukosea. Ni maua tu ya pale kwenye chemchemi, chungu kimoja kimenyauka chote. Mtunza bustani wa mji ni mlevi, nimesema siku zote.

Na wewe hukuwepo.

Walburga

*

Lübeck, 31 Julai

Walburga,

Nilikuwepo kwa namna yangu. Redio ilirusha. Nilikaa jikoni, nikazima taa nisijione.

Nilikosea. Hifadhi ukurasa huu, hutapata mwingine. Sauti yake si ndogo, ilikuwa imefungiwa. Tena pumzi alizivuta kwa wakati, karibu zote. Mtu amemfundisha, na si wewe wala si mimi.

Sasa jambo la pili, linalonikosesha usingizi. Yule besi wa Kiswidi hakuweza hata kuinama kufunga kamba za viatu. Baranyi, kama naijua opera ile, alisimama kwa muda wa saa tatu ndani ya gauni lililokazwa kwa kamba mgongoni, akapiga magoti, akaanguka, akafa kwa robo saa, akafufuka kupokea makofi. Hilo ni tumbo gani? Ama maji yenu yamekwisha nguvu, na hapo mji wako uanze kuuza kadi za posta, ama mwanamke yule hakunywa.

Nenda ukakitazame kile chungu.

Ottokar

*

Linz, 30 Agosti

Mama,

Umekuta kitanda kimetandikwa na ufunguo juu ya meza. Sikukuamsha kwa sababu ungesema, na ukisema wewe mimi huwa nabaki.

Niko Linz na Ilka. Ana msimu mzima hapa na ameniombea nafasi ya akiba yake. Sijui kama nitaimba. Bwana Kettler nimemwandikia, amenijibu vizuri kuliko nilivyostahili.

Hakunywa, Mama. Alimwaga. Alipogeuka kuwapungia watu wa bendi alimwaga kikombe chote kwenye chungu cha maua, nyuma ya kofia. Tumbo lake lilikuwa zima. Alikaa kimya onyesho zima jukwaani ili mimi niimbe. Nilimuuliza kwa nini. Akacheka. "Nilichoka kugonga ukuta," akasema. "Nilitaka kujua kama umesikia."

Alikuwa akinigongea pumzi. Kila nilipochelewa, kiatu kinagonga. Siku ya kwanza nilidhani ananifukuza, siku ya pili nikaelewa. Sikukuambia, maana ulikuwa unafurahia sana kumchukia.

Habari ya maji aliijua karibu wiki mbili kabla. Daktari wa meno alimuuliza mezani, wakinywa supu, kama naye ameonywa. Akamwambia ndiyo, ili asikuaibishe. Halafu akangoja. Kila asubuhi ulipomletea mayai alidhani leo utamwambia. Hata pale kwenye chemchemi, kikombe kiko mkononi, alikutafuta kwa macho. Anasema ungetikisa kichwa tu. Ulifungua mkoba.

Kwenye treni aliniambia hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Ningempa mama yako usiku ule kama angeniomba. Hata angeniomba kwa jeuri yake, ningempa. Lakini aliona afadhali nichafuke mbele ya mji kuliko aniombe kitu."

Nilitaka kukutetea, Mama. Nilifungua mdomo. Nikaukumbuka mkoba.

Baba ameniandikia kwamba ulilia niliposimama pale. Ulilia kwa ajili yangu, au kwa kuwa umeshinda? Usinijibu sasa hivi.

Gerlinde

*

Bad Ellersbach, 6 Septemba

Bi Ilka Baranyi,

Sikupendi, na sitaki tuanze kudanganyana kwa barua. Unaoga saa ya kimya, unawaita watu mama, na mayai yako si mayai, ni uji.

Nilikwenda kwenye chemchemi. Kile chungu wamekitoa, pamebaki duara jeupe la chumvi juu ya jiwe. Nimemwomba radhi mtunza bustani wa mji. Alishangaa, hakujua amekosewa nini, na sikumweleza. Wewe unajua, kwa hiyo wewe sikuandikii mengi. Niliona kikombe, niliona ukinitazama, nikafungua mkoba. Ndani ya mkoba hamkuwa na kitu nilichokitafuta.

Nilipokuwa nabadilisha shuka nilikuta umesahau kiatu chako kimoja chekundu chini ya kitanda. Kisigino kimelika upande mmoja kwa ajili ya ukuta wangu, na ukuta wangu una alama ambazo fundi anataka kuzipaka rangi. Nimemwambia aziache.

Nakutumia kiatu pamoja na barua hii. Juzi redio ilirudia lile onyesho. Nimelisikiliza peke yangu jikoni. Katika kitendo cha pili, pale malkia anapoambiwa mlango umefungwa, bado anachelewa kuvuta pumzi. Hata mimi sasa nimesikia.

Bi Baranyi, nakuomba. Mgongee.

Walburga Pfandl